Kupiga picha ndege wanaokuja kula uani bila kuwatimua, kwa wanaoanza

Habari zenu wadau. Kila nikiweka picha ya kwera (yule ndege wa manjano anayesuka kiota) au ya wale vindege vya bluu kwenye stetasi maswali yanayokuja ni yale yale, unatumia kamera gani, unafanyaje wasiruke, mbona mimi nikifungua mlango tu wote wanapotea, na kuna mmoja aliniuliza kama nawafunga uzi mguuni. Siwafungi jamani. Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo naweka yote hapa, ukifuata hatua kwa hatua ndani ya wiki tatu hivi utakuwa na picha ya maana hata kama una simu tu.

Mimi nakaa Mwanza, upande wa Nyegezi, nyumba ya kupanga, ua wenyewe mdogo una mpera mmoja, mawe mawili makubwa (Mwanza mawe hayakwepeki) na kamba ya kuanikia nguo. Sina bustani. Nasema hivi kwa sababu watu wanadhani lazima uwe na eneo kama la kule Capri Point, mtaa wa wenye nazo, ndio ndege waje, sio kweli, ndege wanataka chakula, maji na mahali pa kukimbilia wakishtuka, basi.

Na kuna jambo moja ukilishika hapa mwanzo mengine yote utayaelewa. Ndege haogopi kamera, hata hajui kamera ni kitu gani. Anaogopa kitu kilichobadilika ghafla. Bodaboda zinapita hapo nje kutwa nzima, redio ya jirani inaimba, mama wa nyumba ya pili anatwanga, ndege wanakula tu. Ila wewe inua mkono dirishani kimya kimya, tena bila sauti yoyote, uone kama atabaki hata mmoja. Mwendo na umbo geni ndio vinawatimua kuliko kelele. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuhakikisha hakuna kitu kipya siku unayopiga picha, kila kitu wawe wameshakizoea.

MAHITAJI

Vya lazima:
- Sahani pana au kifuniko cha ndoo kubwa, ukitoboe matundu madogo chini maji ya mvua yatoke
- Nguzo au kamba ya kukiinua juu, kati ya mita 1 na nusu na mita 2
- Mtama au uwele, kilo 1 ya kuanzia
- Kisahani cha udongo cha maji, kisizidi kina cha sentimita 3 hadi 5
- Vijiti viwili vitatu vikavu vyenye umbo zuri
- Kitenge chakavu au shuka la rangi ya giza
- Stuli ya kukalia, na uvumilivu

Cha kupigia picha, chagua kulingana na mfuko:
- Simu yoyote yenye kamera inayoeleweka, pamoja na rimoti ndogo ya Bluetooth, ile inayokuja na fimbo za selfi. Hii ndio njia ya bei nafuu na inatoa picha nzuri kuliko watu wanavyofikiri.
- Kamera ya mtumba yenye lenzi ya kuvuta ya milimita 55-250 au 70-300. Hiyo inatosha kabisa kwa uani, usikope hela ununue lenzi kubwa.
- Kama una darubini ya macho mawili unaweza kubandika kamera ya simu kwenye kioo kimoja cha kuchungulia. Inahitaji mkono uliotulia lakini inafanya kazi.

HATUA

1. Siku mbili za kwanza kaa uangalie tu

Usiweke chakula, usishike kamera. Kaa dirishani asubuhi na jioni na uandike kichwani: ndege wanatua wapi kwanza kabla ya kushuka chini, jua linapiga upande gani saa 1 na saa 2 asubuhi, paka wa jirani anapita wapi, watoto wanacheza saa ngapi. Huku kwetu jua linachomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi kutegemea na mwezi, halafu linapanda haraka sana, ikifika saa 4 mwanga umeshakuwa mkali na vivuli vibaya viko chini ya macho ya ndege. Jioni jua linazamia upande wa Ziwa Victoria na kuanzia saa 10 na nusu mwanga unakuwa mzuri tena. Tatizo la jioni ni upepo. Mchana upepo unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu na kijiti chako kitakuwa kinacheza muda wote. Asubuhi hewa imetulia. Kama una muda mmoja tu wa siku chagua asubuhi.

2. Chagua mahali pa sahani

Mita 2 hadi 4 kutoka dirisha utakalopigia. Jua la asubuhi litokee mgongoni kwako au ubavuni, lisitokee nyuma ya ndege, la sivyo utapata kivuli cheusi chenye mdomo. Kuwe na mti au kichaka karibu, mita 2 au 3 hivi, ili wakishtuka wawe na pa kukimbilia, ila kichaka kisigusane na sahani maana paka atajificha humo humo.

Angalia nyuma ya sahani kuna nini. Watu wanasahau hili halafu picha inatoka na tenki la maji, waya wa umeme na suruali kwenye kamba. Nyuma pawe mbali kadiri inavyowezekana, ukuta ukiwa hatua kumi nyuma ya ndege utageuka rangi laini tu, ukiwa hatua moja utaonekana kila ufa. Majani ya mgomba au jiwe lililoko mbali ndio mandhari nzuri kuliko zote.

TAHADHARI: kioo cha dirisha kikiwa kimefungwa kinaakisi miti na anga, ndege anadhani ni njia anajigonga, wengine wanakufa. Chora mistari ya sabuni ya mche upande wa nje wa kioo, sentimita 5 kati ya mstari na mstari, acha tu ile sehemu ya kupigia ambayo utakuwa umeifungua.

3. Chakula na maji

Mtama na uwele unaleta shomoro, kwera, tetere, chiriku na vile vindege vidogo vya bluu ambavyo dume lake lina doa jekundu shavuni. Chenga za mchele mbichi pia wanakula. Ukikata papai bivu au ndizi ukachomeka kwenye msumari unapata shorewanda na wale wenye mkia mrefu mwembamba wanaoning'inia kama wamechoka. Alizeti na mtama unaweza kukuletea wale kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cha rangi ya chungwa, mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka jicho. Kisayansi wanaitwa Agapornis fischeri na asili yao ni huku huku kaskazini mwa Tanzania, kusini na mashariki mwa ziwa letu. Miaka ya 1980 walikamatwa kwa wingi mno wakauzwa nje ya nchi, ndio maana mimi wakija huwa siwapi sababu hata moja ya kuniogopa. Ukiwaona uani kwako usianze kutafuta tundu, kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa kisheria.

Chozi haji kwenye mtama, yeye anataka maua, pale penye mshubiri au maua yenye umbo la tarumbeta utampata. Ukitaka kumwekea maji ya sukari ni sehemu 1 ya sukari nyeupe kwa sehemu 4 za maji, usitie rangi, usitumie asali maana inachacha, na ubadilishe kila siku kwa joto hili letu.

Maji yanavutia kuliko chakula hasa kiangazi cha mwezi wa 6 mpaka wa 9. Weka jiwe dogo katikati ya kisahani ili vidogo vipate pa kusimama. Picha ya ndege anaoga ni tamu kuliko ya ndege anakula, nawaambieni.

TAHADHARI hii isome mara mbili. Usinunue mbegu za kupanda kwenye duka la pembejeo ukawapa ndege. Mbegu hizo zinapakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu, mara nyingi utaziona zina rangi nyekundu, pinki au kijani, zinaua. Nunua nafaka ya kula kwa wauza nafaka sokoni, iwe Igoma, iwe Buhongwa, popote. Inusie kwanza, ikiwa na harufu ya uvundo au ukungu achana nayo, sumukuvu inadhuru ndege kama inavyodhuru watu. Mkate, chipsi, ugali wenye chumvi, dagaa wa kukaanga usiweke. Wengine wanakula kweli lakini haviwafai, na dagaa utaita kunguru na mwewe wa mtaa mzima.

4. Waache kabisa

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wameweka chakula leo, kesho saa 1 wameshasimama na simu. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mwaka wa kwanza, wiki mbili nzima nilikuwa nazunguka uani nawafuata na nikapata picha za mikia tu, ndege wa pale nyumbani wakawa wananijua kama adui, ilibidi nikae mwezi mzima bila kutoka na kitu chochote mkononi ndio wakarudi kushuka chini nikiwepo.

Weka chakula muda ule ule kila siku, kidogo kidogo, kiasi cha kuisha kabla ya giza. Ukivaa nguo za rangi ya kawaida isiyong'aa siku zote hizi itakusaidia baadaye. Ukiweka, ondoka bila kugeuka geuka. Siku ya kwanza anaweza asije hata mmoja, siku ya tatu shomoro mmoja jasiri atashuka, wengine wanamwangalia yeye. Akila akarudi mtini salama, kesho watakuwa sita. Mimi nahesabu siku 5 mpaka 10 kabla ya hatua inayofuata. Mtaa wenye watoto wa manati ongeza wiki, pale ndege wameshajifunza kwamba mtu aliyesimama akinyoosha mikono mbele ya uso ni hatari, na wewe na kamera yako unafanana naye kabisa! Watoto wenyewe usiwafokee. Waite, waonyeshe picha kubwa ya jicho la kwera kwenye simu, wape kazi ya kujaza maji. Mtoto wa jirani yangu mmoja ndiye ananiletea taarifa siku hizi, "anko yule wa bluu karudi."

5. Weka kijiti cha kutua

Siri ya picha zangu nyingi ni hii, picha haipigwi ndege akiwa kwenye sahani. Kwenye sahani anainamisha kichwa, unapata mgongo na plastiki ya kijani. Ndege karibu wote kabla ya kushuka kula wanatua kwanza pembeni, wanaangalia kushoto, kulia, juu. Sasa wewe wape hapo pa kutua. Funga kijiti kikavu chenye umbo zuri sentimita 30 mpaka 50 kutoka kwenye sahani, kiwe juu yake kidogo, na kiwe upande wenye mwanga. Sahani ikishajaa wengine wanapanga foleni kwenye kijiti, na anayesubiri foleni anasimama wima, shingo juu, jicho linang'aa. Hiyo ndio picha.

Kijiti kisiwe kinene kuliko kidole gumba kwa vindege vidogo. Kilaze sambamba na dirisha ili ndege akitua popote juu yake umbali usibadilike na fokasi isipotee. Kibadilishe kila wiki, la sivyo picha zako zote zitaonekana zimepigwa siku moja, tena kibadilishe usiku ili asubuhi wakikute kimeshakuwepo.

6. Weka kamera ya uongo

Tafuta kiboksi au chupa ya plastiki, ipake rangi nyeusi au ivalishe soksi nyeusi, ielekeze kwenye kijiti kutoka pale pale kamera itakapokaa. Iache hapo siku 3 au 4. Siku ya kwanza watasita, siku ya pili wataichungulia, siku ya tatu tetere anaweza kukaa juu yake. Ukija kubadilisha ukaweka kamera ya kweli, kwao ni kitu kile kile. Kwa wanaotumia simu na rimoti hatua hii ni ya lazima maana simu itakaa karibu sana, hata nusu mita.

7. Maficho yako

Dirisha ndio maficho bora kwa sababu lipo siku zote. Fungua kioo, sogeza wavu wa mbu (ukipiga kupitia wavu kwa simu picha inatoka kama ina ukungu, kwa kamera yenye lenzi ndefu ukigusisha lenzi kwenye wavu kabisa unaweza kuponea lakini ukali unapungua), kisha tundika kitenge na ukate tundu la kupitisha lenzi tu. Kitenge nacho kitundike siku kadhaa kabla, na ukifunge chini kisipepee. Lenzi ipite kati ya nondo, isitokeze nje zaidi ya nondo, kitu kinachotokeza na kusogea kinawashtua sana.

Halafu kosa ambalo halionekani mpaka uambiwe: mwanga nyuma yako. Ukiwa chumbani na dirisha la pili au mlango uko wazi nyuma, ndege anaona umbo lako lote jeusi likisogea kama sinema. Zima taa, funga mlango, funga pazia la nyuma. Chumba kikiwa giza wewe haupo.

Kama una gari limepaki hapo uani hilo ni maficho tayari, ingia kabla hawajafika, shusha kioo nusu, weka mfuko wa mchele juu ya kioo ulaze lenzi hapo.

8. Setingi

Sitaenda ndani, chukua hizi uanze nazo.

Kwa simu:
- Zima fleshi na sauti ya kubofya, na uweke simu isipokee mwito. Simu ikiita pale nusu mita kutoka kwa ndege utaanza upya wiki.
- Usivute zumu ya kidijitali, tumia lenzi ya 2x au 3x kama ipo, kama haipo sogeza simu karibu na kijiti, ifunge kwenye jiwe au tripodi ndogo.
- Gusa kijiti kwenye skrini na ushikilie mpaka fokasi (pale kamera inapolenga paonekane wazi) ijifunge, kisha shusha mwanga kidogo. Manjano ya kwera na kifua cheupe cha kunguru vinaungua haraka.
- Simamisha kipande cha boksi kuikinga simu na jua, ikipata moto inajizima.
- Piga mfululizo, au rekodi video ya 4K kisha utoe picha moja humo, ni kama megapikseli 8, inatosha kuchapisha.
- Usiiache simu uani ukaenda jikoni. Rimoti inashika mita kama 10 tu na ukuta unapunguza.

Kwa kamera:
- Kasi ya shata (muda kamera inaoingiza mwanga, sehemu ya sekunde) 1/500 kwa aliyetulia, 1/1000 ukiona wanagombana, 1/2000 au zaidi kwa anayeruka
- Tundu la lenzi f/5.6 au namba ndogo kuliko hapo (yaani tundu liwe pana zaidi) lenzi ikiruhusu
- ISO (jinsi kamera inavyohisi mwanga) ya otomatiki, kikomo 1600 au 3200
- Fokasi ya nukta moja, iweke kwenye jicho. Jicho likiwa kali picha imepona hata mkia ukiwa na ukungu.
- Fidia ya mwanga (ile alama ya +/- kwenye kamera) shusha 0.3 mpaka 0.7 kwa ndege wa manjano au weupe
- Modi ya kimya kama ipo

9. Siku yenyewe

Amka kabla yao. Saa 12 na robo uwe umeshakaa kwenye stuli, chai umeshakunywa, chakula umeshaweka. Ukiingia mafichoni wakiwa tayari wapo wamekuona, utasubiri mpaka wakusahau na inaweza kuwa nusu saa.

Nusu saa ya kwanza usipige. Angalia nani anatua wapi. Halafu piga picha moja, moja tu, uangalie wanafanyaje na ule mlio. Wakiendelea kula piga mbili. Wakishtuka tulia dakika tano. Wakishazoea mlio unaweza kuanza mfululizo mfupi mfupi.

Jifunze kusoma hofu yao kabla hawajaruka. Ndege aliyetulia manyoya yake yamefura kidogo, anakula, anajichokoa. Akianza kuogopa anakaza manyoya mwili unakuwa mwembamba, shingo inarefuka, anaacha kula, mkia unapiga piga. Hapo una kama sekunde mbili. Ganda. Usishushe kamera, kushusha nako ni mwendo. Macho yako yaangalie pembeni, kumkodolea macho yote mawili mbele ya uso ndivyo mwindaji anavyofanya. Akirudi kudona, umesamehewa, endelea.

Ukibidi kusogeza lenzi isogeze wakati wanagombana au wakati bodaboda inapita, kila mtu ana shughuli zake pale. Polepole kama mshale wa saa.

Saa 3 na nusu acha. Hata kama wanakuja bado. Wape siku yao.

Msimu nao unachangia. Mvua zikianza dume la kwera linavaa manjano makali na linachana majani ya mnazi au mgomba kwenda kusuka kiota, hapo ukiweka tu kijiti karibu na mgomba una kazi ya wiki nzima. Ila kiota chenyewe kiache. Usikate majani upate nafasi ya lenzi, usipande kuchungulia, mama akikimbia kwa muda mrefu mayai yanapoa na kunguru wanaona njia uliyowafungulia. Kuwapigia sauti za ndege wenzao kwenye simu ili waje pia usifanye, dume linaacha kula linazunguka kutafuta adui ambaye hayupo.

10. Usafi

Kila wiki osha sahani kwa maji ya moto na sabuni, ianike juani ikauke kabisa. Maji ya kuogea badilisha kila siku, usipobadilisha unafuga mbu wa malaria hapo. Kama una kuku weka sahani mbali na banda, kideri na magonjwa mengine yanaweza kupita kati ya kuku na ndege wa porini, na mabaki ya mtama chini yanaita kuku moja kwa moja. Nawa mikono. Ukimkuta ndege amejikunja, manyoya yamefura mchana kweupe, hakimbii ukimsogelea, toa chakula wiki mbili watawanyike, kisha osha kila kitu uanze tena.

UKIKWAMA

Wiki imepita hakuna hata mmoja. Mara nyingi sahani iko wazi sana, hakuna mti karibu, au iko njiani watu wanapita. Isogeze karibu na kichaka. Mwaga mtama kidogo chini pia, tetere wanaanzia chini, na wakionekana wanakula wengine wanafuata. Usiihamishe hamishe kila siku, kila ukihamisha ni kitu kipya tena.

Wanakuja nikiwa sipo tu. Basi wanakuona. Rudi kwenye hatua ya 7, muombe mtu asimame pale kwenye sahani aangalie dirishani wewe ukisogea, atakuambia anaona nini.

Wanakula lakini kijiti hawakitumii. Kiko chini ya sahani au kinacheza. Kipandishe, kikaze, na ondoa sehemu nyingine za kutua, kwangu mimi ilibidi nihamishe kamba ya nguo.

Picha zina ukungu zote. Kama kila kitu kina ukungu ni mkono, kaza kamera kwenye stuli au mfuko wa mchele. Kama kijiti ni kikali na ndege ana ukungu ni kasi ya shata, ipandishe. Kama ndege ni mkali lakini hafifu kama ana moshi, angalia kioo cha lenzi kina mafuta ya vidole, au unapiga mchana juu ya jiwe lililopata moto, hewa ya moto inacheza na hakuna setingi ya kuiponya, subiri asubuhi.

Ndege mweusi tiii hana uso. Jua liko nyuma yake. Hamisha kijiti, usihangaike na kompyuta.

Kunguru wamevamia. Acha chakula cha watu, weka mtama mdogo mdogo na sahani ndogo inayoning'inia na kuyumba, kunguru ni mzito haipendi. Shomoro na kwera hawajali.

Sisimizi wamejaa kwenye maji ya sukari. Katikati ya kamba funga kifuniko kilichojaa maji, hawavuki. Usipake grisi, ikigusa manyoya haitoki.

Wote wametoweka ghafla na kuna ukimya. Angalia juu, kuna kipanga. Wala sio wewe. Kaa hapo hapo usijitikise, dakika 20 mpaka 30 wa kwanza atarudi, na mara nyingi yule anayerudi wa kwanza anatua kwenye kijiti anaangalia angani shingo imenyooka, kwa hiyo kidole kiwe tayari.

Wale wadudu wa ziwani wanaotanda kama moshi wamekuja na ndege hawagusi mtama. Ni kawaida, chakula kingi kiko hewani bure. Siku hizo acha sahani, elekeza lenzi ukutani penye taa ya nje asubuhi na mapema, wadudu wamelala pale wengi na utakuta kwera na shorewanda wanawadonoa mmoja mmoja.